Valisha Bomba Koti Kwanza

Wasee, kila mjadala wa kawi siku hizi ni sola, ni upepo, ni nyuklia. Sawa. Lakini kuna kawi nyingine tumeshailipia, na kazi yake ni kupasha joto hewa ya Eldoret bure. Ni ile inayopotea kwa mabomba ya mvuke viwandani.

Mvuke unabeba mkoa huu kuliko unavyodhani. Kitambaa cha Rivatex hakishiki rangi bila joto. Maziwa freshi ya pakiti hupashwa hadi nyuzi 72 hivi kwa sekunde 15 kabla yakufikie. Kule Nandi, majani chai hukaushwa kwa joto la boila za kuni.

Sasa piga hesabu. Mvuke wenye presha hufika nyuzi 170 hivi. Bomba la inchi 4 linaloubeba likiwa uchi, kila mita moja hupoteza karibu kilowati 1. Hiyo ni pasi imeachwa kwa soketi, mchana na usiku. Mita 20 ni pasi 20. Nyumbani ungechapwa maneno kwa pasi moja tu!

Dawa haina uchawi. Unafunga bomba kwa ile pamba ngumu inayotengenezwa kwa mwamba ulioyeyushwa, juu yake bati jembamba la alumini. Ikifungwa poa, joto linalopotea hupungua kwa karibu asilimia 90.

Utaniambia viwanda vilishafunga kitambo. Mabomba marefu, labda. Ishu ni valvu na viungo. Fundi anafungua kurekebisha, koti linawekwa kando, halirudi tena. Au bati linatoboka, mvua inaingia, na pamba iliyolowa hailindi kitu. Halafu mfanyakazi anagusa hapo kwa bahati mbaya, anababuka mkono.

Si eti sheria ilikosekana. Kanuni za usimamizi wa kawi za 2012 zilitaka kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 za kawi kwa mwaka kikaguliwe kila miaka 3, na kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Ni sawa, lakini ripoti iliyolala kwa kabati haizuii joto.

Wengine watasema kuni ni bei rahisi, kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kuni ni miti. Marufuku ya kukata miti iliyowekwa 2018 iliondolewa 2023, na tulibishana sana mitandaoni. Mbona hatubishani kuhusu miti inayochomwa ili joto lake liishie hewani?

Na hapa ndipo vijana tunaingia. Tunalia hakuna kazi, tunangoja mtu aje ajenge kiwanda kipya. Kushona makoti ya valvu, kukata bati, kupima joto la mabomba na kukagua baada ya mvua ni kazi ya mikono inayolipa kwa akiba yake yenyewe. Haihitaji digrii. Eldoret National Polytechnic iko hapa hapa. Kozi fupi ya hii kazi ingejaa.

Kwa hivyo mwenye kiwanda, usianze na sola. Tembea na meneja wako wiki hii, mhesabu valvu zilizo uchi, kisha mtafute vijana wa kuzivalisha. Sola itafuata, na itakuwa ndogo zaidi na bei nafuu.