Kabla ya kuandika hadithi ya gemu, uliza hati iko kwa nani

Leo naweka kando hifadhidata na hitilafu zake, nizungumzie gemu. Msinikimbie, mwishowe tutafika kwenye leseni.

Kuna gemu ya mikakati iitwayo Battle for Wesnoth. Ilianzishwa na David White mwaka 2003, ni programu huria, na kuipakua kutoka tovuti yake ni bure. Mnacheza kwa zamu kwenye ramani ya vigae vya pembe sita, na humo mna Elfi, orki, vibete, wachawi na wafu wasiokubali kuzikwa. Kinachonimaliza mimi ni majina. Ukiajiri askari wa mkuki, gemu inampa jina lake mwenyewe. Akinusurika mapambano matatu anapata uzoefu, anapanda cheo, na unamwita tena kwenye pambano la nne. Halafu orki mmoja anabahatisha mapigo kadhaa mfululizo, askari wako kwisha. Harudi tena. Unabaki umeketi pale saa saba usiku ukijiuliza ni nani atakayepeleka habari kwao.

Hapo ndipo mtu hufungua faili tupu akaanza kuandika. Yule askari alitoka kijiji gani? Mama yake aliambiwa nini? Hizi ndizo hadithi za mashabiki, na wako wanaozicheka, eti mwandishi wa kweli hujiundia ulimwengu wake mwenyewe. Sikubaliani nao hata kidogo. Hadithi za Abunuwasi ni za nani? Kila msimuliaji hutia chumvi yake na hakuna anayemwita mwizi. Lawama yangu kwa waandishi hawa ni nyingine: wanajenga nyumba bila kuuliza hati ya kiwanja iko kwa nani. Nashangaa zaidi nikiona Mkenya akifanya hivyo, maana sisi mambo ya viwanja tunayajua.

Tazameni Warcraft III, iliyotoka mwaka 2002. Ilikuja na kihariri cha ramani, na wachezaji wakakitumia kutengeneza vitu ambavyo kampuni yenyewe haikuviwaza. Kuanzia 2003 mashabiki walijenga humo DotA, nayo ikazaa aina nzima ya michezo. Mwisho wake? Jina lile liligombaniwa na kampuni mbili kubwa, Blizzard na Valve, mpaka zikapatana Mei 2012. Na ilipotoka Warcraft III: Reforged, Januari 2020, ilikuja na masharti kwamba michezo ambayo wachezaji wanaitengeneza humo ni mali ya kampuni. Jasho lako, hati yao. Na msidhani ukiandika riwaya tu, bila ramani, umepona. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi mamlaka juu ya marekebisho ya kazi yake pia. Kampuni nyingi huwafumbia macho mashabiki, kweli, lakini kufumbiwa macho si kupewa ruhusa. Jicho hufumbuka.

Wesnoth ni tofauti kwa sababu iko chini ya leseni ya GPL. Ruhusa imeandikwa, na haiwezi kufutwa kwa kuwa meneja mpya ameingia ofisini. Kampeni yake maarufu, Heir to the Throne, inamfuata kijana Konrad na mchawi mzee Delfador wakipigana na malkia Asheviere. Nyingine, Liberty, inarudi kwenye utawala wa malkia huyohuyo lakini safari hii tunauona kwa macho ya wanavijiji wa mpakani waliochoka kukandamizwa. Under the Burning Suns inaruka mbele miaka mingi mno, kwenye jangwa lenye jua mbili. Hizo zote ni kazi za watu wa kujitolea, na ziko kampeni zilizoanza kama kazi za wachezaji wa kawaida kabla ya kuingizwa kwenye gemu yenyewe. Yaani shabiki anaweza kuwa mwandishi rasmi.

Kazi yenyewe hufanywa kwa WML, lugha ya alama isiyomhitaji mtu kuwa mwanaprogramu. Maneno ya mhusika unayaweka ndani ya alama za kunukuu, unatanguliza kistari cha chini ili yaweze kutafsiriwa, na hakuna anayekuzuia kuyaandika kwa Kiswahili. Ugumu uko kwingine. Kwenye riwaya wewe ndiwe unayeamua nani anakufa. Hapa hujui. Uchawi hupata shabaha mara 70 kwa 100, na mara zile 30 zinaweza kumuua mhusika uliyempangia hotuba katika sura ya tano. Kwa hiyo unaandika hotuba mbili: moja yake, na moja ya mtu atakayesema kwa niaba yake ikiwa ameshazikwa. Imenifunza kuandika kuliko kitabu chochote cha sarufi.

Sasa najua kuna anayeuliza: si mtu atachukua hadithi yangu? Atachukua, ndugu yangu. Ataibadilisha, hata kuiuza akitaka. Hawezi kukufutia haki yako, na akiisambaza kazi aliyoijenga juu ya yako lazima aiachie kwa leseni ileile, nawe uichukue. Kama hilo linakukosesha usingizi, unda ulimwengu wako na uufunge kwa kufuli. Ni haki yako.

Mimi ninaandika juu ya yule askari wa mkuki. Sura tatu zimekamilika. Ya nne nimeijaribu mwenyewe mara sita na mara zote orki wamenishinda, kwa hiyo wikendi hii nitapunguza wawili nione.