Adimu kwa Nani?

Juzi nilimkuta mzee mmoja sokoni Kathiani akijuta. Alikuwa amemwuzia mgeni rundo la santuri za Kikamba kwa bei ya sukari, kisha akaarifiwa kuwa moja tu ingemnunulia mbuzi. "Kumbe ni adimu!" alilalama.

Neno adimu asili yake ni Kiarabu, nalo huashiria kukosekana. Je, nyimbo za Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, zilikosekana Ukambani? La hasha! Zilivuma kila soko. Ni kweli kuwa santuri nyingi zimevunjika au kuchakaa. Lakini bei hupandishwa pia na masikio mapya: mkusanyo kama Kenya Special, uliotolewa Uingereza mwaka 2013, umeitambulisha miziki yetu ya miaka ya 1970 na 1980 kwa wanunuzi wa mbali. Adimu, basi, mara nyingi ni neno la mchuuzi, wala si hesabu ya santuri zilizopo.

Kinachoadimika kwelikweli ni maarifa: nani alipiga gitaa, na fumbo lile la Kikamba lina maana gani. Walimu na wanafunzi, kabla santuri haijauzwa, nakilini sauti yake na mwandike maelezo ya wazee. Mzee aliyeijua thamani ya mali yake hapunjwi.