Zulia Lisiloinuka

Leo sina habari ya mashairi wala ya ngoma. Nataka tuzungumze juu ya zulia. Najua wako watakaosema kuwa hilo ni jambo la wanawake, na mimi nilikuwa mmoja wao mpaka Ramadhani iliyopita, aliponitembelea mama yangu mzazi kutoka Lamu.

Sisi twakaa Mombasa, ghorofa ya tatu. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilinunua zulia la ukuta kwa ukuta, lile linalokatwa kwa kipimo cha chumba na kugandishwa sakafuni kwa gundi. Rangi yake samawati, laini kama pamba. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi sita, na kila mgeni aliyeingia nilimtazama uso kwanza nione kama ameliona. Mama naye alipofika alivua viatu mlangoni, akalisifu. Siku ya pili, adhuhuri, nikamkuta anaswali roshani, juani, juu ya mswala wake wa ukindu.

Mke wangu ndiye aliyemwuliza. "Mama, mbona waswali juani na ndani kuna nafasi?"

Mama akatabasamu. "Mwanangu, mjukuu wangu jana alikojoa pale kati, nami nilikuona ukipangusa kwa kitambaa. Nikitoka kutawadha na miguu yangu ya maji, nitapita wapi?"

Hakusema zaidi. Lakini ndugu zangu, mtu kumwona mamake aswali nje ya nyumba yake kama mpangaji asiyelipa kodi, si jambo dogo.

Wako watakaosema: si angetandika mswala safi juu ya zulia, akaswali? Ni kweli, swala juu ya mswala safi uliotandikwa mahali pakavu penye najisi haiharibiki. Ila kati ya chooni na mswala kuna hatua sita, na mguu wenye maji ukikanyaga najisi iliyokauka huondoka nayo. Mama hakusoma chuo kikuu, lakini hesabu hiyo aliipiga upesi kuliko mimi.

Tena binti yetu ana mwaka na nusu, na wali ala. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake hunyunyiziwa maji mpaka pakaenea, basi. Watoto wengine wote, sharti kuosha. Na kuosha si kupangusa. Ukichovya kitambaa katika ndoo, ukapangusa, ukakirudisha ndoo ile ile, maji yote yamenajisika, kwa kuwa hayafiki kula mbili, yaani kama lita 200. Mwisho wake watwaa najisi iliyokuwa na upana wa kiganja, waieneza chumba kizima.

Sote twaijua hadithi ya bedui aliyekojoa katika msikiti wa Mtume (S.A.W.). Watu wakamkaripia, Mtume akawazuia, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale. Lakini pale palikuwa ardhi, nayo ikayanywa maji. Zulia langu mimi chini yake lina sponji, na chini ya sponji ni saruji. Maji yataenda wapi? Nilijaribu, ndoo mbili. Siku ya tatu chumba kilinuka kama tenga la samaki. Mke wangu akatia udi chetezoni. Udi ni kitu kizuri, nami naupenda, lakini udi hufukiza tu, hautwaharishi.

Wazee wetu walikuwa na mazulia, tusidanganyane. Miaka ya 1950 na 1960, majahazi yalipoingia bandari ya kale ya Mombasa kwa upepo wa kaskazi kutoka Ghuba, mazulia ya Kiajemi yalikuwa miongoni mwa bidhaa zake. Nyumbani kwetu Lamu lilikuwako moja. Kila mwaka, mvua zikiisha, lilibebwa na watu wawili hadi uani. Kwanza lililazwa kifudifudi kambani, likapigwa mgongoni kwa upongoo wa mnazi mpaka mchanga ukome kuanguka. Watu wengi hukosea hapa. Huanza na maji, na mchanga ukilowa hugeuka tope ndani ya manyoya, kisha hukata nyuzi kama msasa.

Baada ya hapo lilitandazwa juu ya mbao zilizoinamishwa, likamwagiwa maji baridi kutoka juu ili yashuke na uchafu wake. Sabuni ilikuwa kidogo, na brashi laini ilifuata mlalo wa manyoya. Kisha maji tena na tena, hata yatoke chini meupe kama yalivyoingia. Kama rangi haiaminiki, pangusa pembe moja kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikitoka chekundu, liache, mpe anayejua. Likishaoshwa hulianiki juani siku nzima, rangi zitapauka. Lianike kivulini penye upepo, wala usilikunje mpaka likauke kabisa, maana hapa pwani unyevu hauna huruma, ukungu hushika haraka. Na ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe iwe mbali nalo. Sufi haiivumilii, huyeyuka. Shemeji yangu hasadiki mpaka leo, ijapokuwa tundu lake liko.

Mkojo wa mtoto haungoji mwaka. Uukaushe kwanza kwa kitambaa kikavu, kwa kubonyeza, bila kusugua. Kisha ulitoe zulia nje, ulimwagie maji mpaka rangi na harufu ziondoke. Kazi ya nusu saa. Lakini yote hayo yamesimama juu ya neno moja: ulitoe.

Sisemi zulia la gundi ni haramu. Anayekaa kwenye baridi ya Nairobi au Limuru, bila ya mtoto mdogo, labda lamfaa. Nasema kuwa hapa kwetu, penye joto, mchanga, watoto na vipindi vitano kila siku, twanunua fahari ya wengine kisha twakosa pa kuweka paji la uso. Busati la kukunjwa, au mkeka wa Pate, huoshwa na mtu mmoja.

Langu nimelikata kwa kisu, vipande kumi na kimoja. Gundi nimeikwangua siku mbili, na karibu na dirisha ingali imeshika. Mama ameahidi kurudi Maulidi yakishamalizika kule Lamu. Mke wangu ashanunua mkeka, nami kila jioni nakwangua kidogo.