Simbilisi anapoumwa, na ninyi wawili hamkubaliani

  Mwezi huu nataka tuongelee jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka mwanzoni. Chekeni tu, lakini mnivumilie hadi mwisho, maana nimeona ndoa ikitikisika kwa ajili yake. Naongelea simbilisi. Ndiyo, kale kamnyama kadogo kasiko na mkia, kanakopiga filimbi kakisikia unakatakata mboga jikoni.

Najua kuna msomaji wa Iringa au Njombe ambaye tayari anasema, "Aisee, huyo si kitoweo?" Ni kweli kabisa. Nyanda za Juu Kusini simbilisi anafugwa nyumbani ili aliwe, na kule kwenye milima ya Andes, Peru na Bolivia, alikotokea, ameliwa kwa maelfu ya miaka. Lakini siku hizi mjini wapo wanaomfuga kama wengine wanavyofuga paka: ana jina, ana kibanda chake sebuleni, na akiugua watu hawalali.

Shoga yangu mmoja na mumewe wanaishi Dar es Salaam, wote wana kazi nzuri, na wana miaka saba ya ndoa. Walikuwa na simbilisi jike aitwaye Karanga. Karanga aliingia nyumbani kwao miezi michache baada ya shoga yangu kupoteza ujauzito. Wakati ule alikuwa akirudi kazini anajifungia chumbani, na kilichomtoa chumbani kilikuwa ile filimbi ya Karanga akidai majani. Mumewe ni mtu wa Njombe, amekua anawaona simbilisi wakikimbia chini ya meza ya jikoni kwa bibi yake. Alimkubali Karanga kwa utani: "Mke wangu, siku mboga ikikosekana nitajua pa kwenda." Utani ule ulikuwa unachekesha, mpaka Karanga alipougua.

Kwanza, dalili zenyewe

Simbilisi ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo ana tabia ya kuficha ugonjwa. Ukiona amejikunja kama mpira, manyoya yamesimama, macho nusu wazi na hajali chakula, ujue ameumwa siku kadhaa. Ndiyo maana wanaojua kufuga wanampima uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni. Mzima ana kati ya gramu 700 na 1,200 hivi. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hilo si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi. Na akikaa bila kula kwa saa 12 hadi 24, hiyo ni dharura, kwa sababu utumbo wake umeumbwa kufanya kazi muda wote. Ukisimama, anakufa.

Karanga alikuwa na miaka sita, na umri wa kawaida wa simbilisi ni kama mitano hadi minane. Tatizo lake lilikuwa meno. Meno ya simbilisi, ya mbele na magego, hayaachi kuota maisha yake yote. Kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi kutwa nzima. Yakiota vibaya, magego ya chini yanaweza kujipinda yakakutana juu ya ulimi kama daraja. Mnyama anakuwa na njaa, anakisogelea chakula, anakitazama, halafu anashindwa kukimeza. Uzito wa Karanga ulitoka gramu 950 ukafika 690.

Daktari wa mifugo alimpa nusukaputi akayasawazisha meno. Akaeleza wazi kwamba yataota tena, na kwamba zoezi lile huenda likarudiwa kila baada ya wiki chache. Pia akawaonya jambo ambalo kila mfugaji anapaswa kulijua: usimpe simbilisi dawa yoyote ya binadamu kwa kukisia. Amoksilini ambayo wewe unaimeza bila wasiwasi inaweza kumuua yeye, kwa kuwa inaua vijidudu vyema vya tumboni na kuwaachia nafasi vile vyenye sumu.

Kumuuguza nyumbani

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Simbilisi asiyeweza kula analishwa uji wa nyasi iliyosagwa, au wa chakula chake cha punje kilicholowekwa, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Bomba linaingizwa pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, tone kwa tone. Unasubiri atafune na ameze ndipo uongeze. Usimlaze chali, maana uji ukiingia kwenye mapafu umemmaliza wewe mwenyewe. Zoezi hili ni kila baada ya saa chache, usiku na mchana.

Tena kama sisi binadamu, mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C. Inabidi aipate kila siku, na akiwa mgonjwa anaihitaji zaidi. Pilipili hoho ina vitamini hiyo kwa wingi, ila kwa asiyeweza kutafuna daktari anatoa ya maji. Na msisahau joto la Dar! Chumba kikizidi nyuzi 27 au 28, simbilisi anaanza kuteseka hata akiwa mzima.

Kwa kuwa shoga yangu anafanya kazi benki na anatoka nyumbani alfajiri, waligawana zamu. Yeye alichukua jioni. Mumewe, yule wa utani wa mboga, alichukua saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Mgongano

Baada ya wiki sita na nusukaputi ya tatu, mume akasema, "Mke wangu, nadhani imetosha. Tumpumzishe."

Jamani, mlitegemea nini? Nyumba ilichafuka. Shoga yangu alisikia kitu kimoja tu: mtu wa Njombe amechoka kumhudumia kitoweo. Akamwambia hivyo hivyo. Akaongeza na mengine ya miaka ile ya ujauzito, kwamba hata wakati ule yeye ndiye aliyesema "imetosha, tusonge mbele." Mume akanyamaza. Siku nne wakawa wanasalimiana kama wapangaji.

Sasa hapa ndipo ninapotaka wewe msomaji wangu unisikilize vizuri, hata kama hujawahi kumgusa simbilisi. Ugomvi ule haukuwa wa hela, ingawa hela zilitajwa. Ulikuwa wa kuaminiana. Kila mmoja alikuwa anamjua mgonjwa tofauti. Mke alikuwa anamwona Karanga wa saa moja jioni, aliyemezeshwa dawa ya maumivu, anayejikongoja kumlaki. Mume alikuwa anamwona Karanga wa saa nane usiku, anayesaga meno kwa maumivu na kugeuza kichwa akiona bomba. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Karatasi mbili

Kuna kipimo kinachoweza kusaidia hapa. Mwaka 2004 daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa mizani ya kupima ubora wa maisha ya mnyama anayeugua. Aliitengeneza akiwafikiria zaidi mbwa na paka, lakini maswali yake yanamfaa hata mnyama mdogo. Ni mambo saba, kila moja linapewa alama kutoka 0 hadi 10: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Jumla ikizidi 35, kuna sababu ya kuendelea kumuuguza. Ikishuka chini ya hapo, ni wakati wa kuzungumza na daktari kuhusu mwisho.

Daktari wao aliwaambia kila mtu ajaze peke yake, bila kuchungulia ya mwenzake. Mke alipata 41. Mume alipata 22. Badala ya kubishana nani kakosea, daktari akawauliza swali moja: "Kila mmoja wenu anakuwa naye saa ngapi?"

Wakabadilishana zamu. Usiku tatu shoga yangu aliamka saa nane. Usiku wa tatu alimkuta mumewe sebuleni, ameamka ingawa zamu haikuwa yake, amekaa sakafuni karibu na kibanda. Akamuuliza, "Kwani kila siku unakuwa hivi?" Akajibiwa, "Akimaliza kula huwa namkalia kidogo. Anatulia akisikia mtu." Asubuhi ile, aliyempigia simu daktari alikuwa mke.

Siku yenyewe ikifika

Watu wengi wanaogopa kwa kutojua kinachofanyika, kwa hiyo nieleze. Daktari anaanza na dawa ya kumlewesha kabisa mnyama, asihisi chochote. Baada ya hapo ndipo anamchoma dawa ya usingizi kwa kiwango kikubwa mno, na moyo unasimama katika dakika chache. Macho yanaweza kubaki wazi na mwili ukashtuka kidogo. Hayo si maumivu, tayari ameshaondoka. Una haki ya kuwapo, na una haki ya kutokuwapo. Kumwachia mtu asiye na utaalamu "ammalize" nyuma ya nyumba si jibu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na hata bila sheria, aliyekupigia filimbi miaka sita anastahili kuondoka bila hofu.

Ukimzika, mzike kwa kina, kwani dawa ile inabaki mwilini na inaweza kumdhuru mbwa atakayefukua. Kama alikuwa na mwenzake, mwache mwenzake amnuse kwa muda kabla ya kumzika, halafu fuatilia kama anakula. Simbilisi ni wanyama wa kuishi pamoja, kiasi kwamba Uswisi ilipitisha kanuni mwaka 2008 inayokataza kumfuga akiwa peke yake. Na kama kuna mtoto nyumbani, usimwambie "amelala." Mtoto mdogo anaweza kuogopa kitanda chake. Mwambie alikuwa anaumwa sana, hakuweza kupona, na amekufa.

Mambo ya kukubaliana mapema

Msisubiri saa nane usiku ndipo muanze kujadiliana. Mkiwa bado mna utulivu, kubalianeni mambo matatu. Kwanza, kiasi cha fedha ambacho mkikifikia mtakaa chini kuongea, bila mmoja kumwita mwenzake bahili wala mfujaji. Pili, dalili mbili au tatu ambazo mkiziona mtajua siku imefika, mziandike. Tatu, zamu. Hakikisheni kila mmoja anaziona saa ngumu, maana asiyeziona hawezi kuamua kwa haki.

Na wewe ambaye ofisini unamwona mwenzako amevimba macho kwa ajili ya mnyama, usimwambie "si utanunua mwingine?" Msomi wa Marekani Kenneth Doka aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui: hakuna msiba, hakuna anayekuja kukupa pole, hakuna ruhusa ya kazini. Unalia bafuni, unanawa uso, unaingia kwenye kikao. "Pole sana" yako, bila kicheko, inatosha.

Leo ni simbilisi. Kesho inaweza kuwa baba mkwe kitandani, na swali litakuwa lile lile: tuendelee au tumwache apumzike, nani anakesha naye, na nani anaamini anachokiona mwenzake. Huko sindano haipo na uamuzi una uzito mwingine kabisa, lakini namna ya kuongea ni moja. Wanandoa waliojifunza kusikilizana kwa mgonjwa wa gramu 690 watakuwa na pa kuanzia.