Reli ya Kiwanja cha Ndege ni ya Nani?

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya kuanza mashindano ya Kombe la Dunia katika Afrika ya Kusini, treni mpya iitwayo Gautrain ilianza kuchukua abiria baina ya Sandton, mtaa wa mabenki na mahoteli makubwa upande wa kaskazini wa Johannesburg, na kiwanja cha ndege cha Oliver Tambo. Wageni walikuja kwa maelfu, wakapanda treni hiyo, wakaisifu, wakarudi makwao. Sasa miaka mingi imepita, na yafaa tuulize swali ambalo kila mfanyakazi ana haki ya kuliuliza: mwenyeji naye, je, amepona?

Huenda msomaji akasema ya kwamba mambo ya Johannesburg si yetu. Sisi twaona kuwa ni yetu, tena kwa haki. Kiwanja kile kilipofunguliwa katika miaka ya 1950 kilipewa jina la Jan Smuts, waziri mkuu wa serikali ya Makaburu. Mwaka 2006 kikapewa jina la ndugu Oliver Tambo. Mwaka 1960 Tambo alitumwa na chama chake cha ANC kwenda nje kuendesha mapambano, na miongoni mwa milango ya kwanza aliyofunguliwa ulikuwa wa Dar es Salaam. Huko Morogoro ANC ilifanya mkutano wake mkubwa wa mwaka 1969. Huko Mazimbu na Dakawa wapigania uhuru walipewa ardhi wakajenga shule na makazi. Mkulima na mfanyakazi wa nchi hii walitoa jasho lao kwa ajili ya ukombozi ule, wala hawakudai malipo. Kwa hiyo hatuwi wadaku tunapouliza matunda ya ukombozi yanagawanywaje, hata katika jambo la reli.

Kwanza tuseme kweli, maana mkosoaji asiyekiri mema ya kazi ya mwenziwe hasikilizwi. Gautrain ni kazi iliyofanywa vizuri. Njia yake ina urefu wa kama kilomita 80 na stesheni 10, toka Park katikati ya Johannesburg mpaka Hatfield katika Pretoria, pamoja na tawi liendalo kiwanja cha ndege. Treni zake huenda mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Toka Sandton hadi kiwanjani ni safari ya kama robo saa, nayo kwa gari inaweza kula saa nzima barabara zinapojaa. Treni ni safi, zina ulinzi, na hushika wakati. Aliyepata kudhani ya kwamba Mwafrika hawezi kuendesha reli ya namna hiyo na aende akaone.

Lakini reli haipimwi kwa mwendo wa treni peke yake. Hupimwa pia kwa kujua ni nani aliyemo ndani na ni nani aliyeachwa nje akingoja.

Mradi huu ulitangazwa mwaka 2000 na Mbhazima Shilowa, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Gauteng. Kabla ya cheo hicho ndugu huyo alikuwa katibu mkuu wa COSATU, shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi. Hatusemi hivyo ili kumlaumu mtu. Twasema ili wanachama wakumbuke kuwa kuwekwa kiongozi aliyetoka kwa wafanyakazi si dhamana ya kutosha, kama mpango wenyewe umekwisha chorwa kwa ajili ya watu wengine. Nao mpango wa Gautrain haukuficha shabaha yake, kwani ulitaka kuwatoa wenye magari katika barabara kuu ya Johannesburg na Pretoria na kuwapandisha treni. Asiye na gari hakuwa ndiye aliyekusudiwa. Mwaka 2005 kamati ya Bunge ya uchukuzi ilionyesha mashaka yake waziwazi, na COSATU yenyewe ilipinga. Hata hivyo, mwezi wa Desemba mwaka huo baraza la mawaziri likatoa idhini.

Gharama ilipita randi bilioni 25, na makisio ya kwanza hayakufika hata nusu ya fedha hizo. Mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2006, na uliopangwa kuendelea mpaka mwaka 2026, uliipa kampuni yenye kuendesha treni ahadi ya mapato. Maana yake ni kwamba abiria wakipungua na nauli zisipofikia kiwango kilichokubaliwa, serikali ya jimbo hujaza pengo. Katika baadhi ya miaka pengo hilo limepita randi bilioni 1. Mwenye duka la kawaida wateja wasipokuja hula hasara yake mwenyewe. Hapa faida ya biashara ilibaki kwa mwenye biashara, na hasara ikapelekwa kwa mlipa kodi. Huyo mlipa kodi ni pamoja na mama wa Soweto anayelipa kodi kila anunuapo sabuni, naye treni hiyo haifiki kwake.

Tuitazame ramani. Chini ya sheria ya mwaka 1950 iliyotenga makazi kwa rangi, Makaburu waliwasukuma wafanyakazi mbali na kazi zao, na sheria hiyo ilikaa mpaka mwaka 1991. Soweto iko kusini magharibi, mabenki yako kaskazini, na baina yao ni safari ndefu ambayo mfanyakazi huilipia kila siku kwa usingizi wake na kwa mfuko wake. Serikali iliyochaguliwa na watu ilipopata nafasi ya kujenga reli mpya kabisa, njia haikupita Soweto. Ilipita Sandton, Rosebank, Midrand na Centurion. Alexandra, mji wa makabwela ulio pua na mdomo na Sandton, ulibahatika kuwa karibu na stesheni ya Marlboro, lakini ukaribu wa stesheni haumsaidii mtu ambaye nauli imemshinda. Mwaka 2010 nauli ya Sandton hadi kiwanja cha ndege ilikuwa randi 100 kwa safari moja, na tangu hapo imepanda. Mfagiaji, mpakia mizigo, mlinzi na mpishi wa kiwanjani wakitoa fedha hizo kwenda na kurudi, watabakiwa na nini cha kupeleka nyumbani?

Tena kiwanja cha ndege hakilali. Ndege hutua alfajiri na usiku, na anayesafisha ndege ya alfajiri lazima awepo kabla haijatua. Gautrain haiendi usiku kucha. Imepangiwa saa za msafiri mwenye mkoba, wala si saa za zamu. Kwa hiyo yule ambaye bila yeye kiwanja kisingefunguliwa hupanda magari madogo ya abiria, yanayoitwa teksi huko kwao, anabadilisha moja hadi jingine gizani, huku treni iliyojengwa kwa kodi yake imelala katika banda lake.

Na ile treni ya makabwela imekuwaje? Metrorail, reli ya zamani ya abiria, ilikuwa ikichukua safari zaidi ya milioni 500 kwa mwaka katika nchi nzima muda mfupi baada ya Gautrain kufunguliwa. Ikaachwa izeeke. Mabehewa yalichomwa moto, mikataba ya ulinzi ikavurugika, na mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya maradhi ya korona, wezi walikata nyaya na kubomoa stesheni nyingi zikabaki kuta tupu. Njia nyingi zilisimama kabisa. Sasa kazi ya kuifufua inaendelea na njia kadhaa zimerudi, jambo ambalo tunalipongeza kwa moyo mmoja. Lakini fikirini, ndugu. Katika jimbo lile lile, miaka ile ile, reli moja ililindwa kwa mkataba usioruhusu hata hasara ya mwenye kampuni, na nyingine haikulindiwa hata waya wake wa shaba. Metrorail iliharibiwa na wizi, na rushwa, na uongozi mbaya, wala hatusemi iliuawa na Gautrain. Twasema kuwa abiria wa Metrorail hawakuwa na mkataba wa kuwatetea, na asiye na mkataba husahaulika.

Wako watakaotujibu ya kwamba kila reli ya mjini duniani husaidiwa na serikali. Twakubali. Ruzuku si dhambi. Hata sisi twaamini kuwa uchukuzi wa watu ni huduma kabla ya kuwa biashara. Lakini fedha ya umma ina wenyewe, na ikitolewa yapasa ianze kwa yule asiye na njia nyingine. Anayeweza kuacha gari lake nyumbani ana hiari. Anayeamka saa tisa usiku ili afike kazini saa kumi na mbili asubuhi hana hiari yo yote.

Wengine watasema reli ile ilileta kazi. Hilo nalo ni kweli, na mabehewa mengi yake yaliunganishwa huko huko Afrika ya Kusini. Lakini kazi ya ujenzi huisha siku ujenzi unapokwisha, na waliobaki kuendesha treni hawakukaa kimya: mwaka 2018 wafanyakazi wa Gautrain waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Treni inayong'aa haimaanishi kuwa anayeiendesha ameridhika.

Sasa tugeuze macho kwetu, maana kusudi letu si kuwacheka jirani. Nchi yetu imo katika kujenga reli. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha hadi Dodoma, na wananchi wameipokea kwa furaha ambayo sisi pia tunayo. Kiwanja cha Julius Nyerere kilifunguliwa jengo lake la tatu mwaka 2019. Mji wa Dar es Salaam unakua haraka, na siku itafika, kama haijafika, ambapo watu wataleta mezani ramani ya reli ya mjini yenye kufika kiwanjani. Siku hiyo isitukute hatujafikiri.

Tazameni jambo moja tu. Katika Dar es Salaam ziko reli za vipimo vitatu. Ya zamani ya kati, iliyoanzwa na Wadachi, ina upana wa mita 1. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China ikakabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1,067. Reli mpya ina milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita katika nyingine. Huko Gauteng ni hivyo hivyo: Gautrain ina upana wa milimita 1,435 na Metrorail 1,067, na ijapokuwa katika Park na Pretoria na Rhodesfield stesheni zao zimekaribiana, tiketi za huku hazitumiki kule. Upana wa reli uliokwisha jengwa ni vigumu kuubadili. Lakini tiketi ni karatasi tu, na ratiba ni maandishi tu, na hayo yaweza kuunganishwa hata kama vyuma haviungani. Mfanyakazi wa Gongo la Mboto au Mbagala asilipe mara tatu kwa safari moja kwa sababu tu mainjinia wa zama tatu hawakupata kuonana.

Kwa hiyo twapendekeza ya kwamba reli yo yote ya kiwanja cha ndege, kwetu au kwa ndugu zetu, ipimwe kwa mambo manne kabla fedha ya umma haijatolewa. Kwanza, stesheni ziwekwe wanakokaa watu, si wanakolala wageni peke yake. Pili, wafanyakazi wa kiwanjani wawe na nauli yao inayolingana na mishahara yao. Tatu, treni ya kwanza na ya mwisho zipangwe kwa zamu za kazi, na vyama vya wafanyakazi viulizwe saa hizo kabla ratiba haijachapwa. Nne, mkataba wo wote unaomwahidi mwendeshaji mapato usomwe hadharani, kila mstari, ili mwananchi ajue hasara ikitokea ni nani atakayeilipa.

Mambo haya si ya kuwaachia wataalamu. Mtaalamu hujua mteremko wa njia na nguvu ya umeme, lakini hajui mama lishe wa Kipawa anaamka saa ngapi. Anayejua ni mwanachama katika tawi lake na mfanyakazi katika chama chake. Nao wakinyamaza mpaka utepe ukatwe, watakuwa wamechelewa, maana reli ikishalazwa chini hukaa pale miaka mia.

Oliver Tambo alitembea nchi nyingi akitafuta msaada ili mtu wa Alexandra na Soweto awe mwenyeji katika nchi yake. Leo jina lake liko juu ya kiwanja kikubwa cha ndege, na treni nzuri hufika hapo. Heshima kubwa zaidi ambayo mtu huyo angeweza kupewa ni yule anayefagia ukumbi wenye jina lake arudi nyumbani kwa treni ile ile aliyopanda mgeni, bila kuhesabu senti zake mara mbili. Hapo ndipo tutakaposema mgeni amekuja, na mwenyeji amepona.