Ofisa lishe asiishie kwa mtoto wa miaka mitano

NYUMBA KWA NYUMBA
Na Rehema Kajubi

Muulize ofisa lishe wa halmashauri yako wiki yake imekwendaje. Atakutajia matone ya vitamini A, watoto waliopimwa mikono, wajawazito waliofundishwa mlo kamili, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inayokuja. Siku 1,000 za mwanzo wa maisha anazo kichwani. Na ndivyo anavyopimwa kazini: mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa wamekuwa wakiisaini tangu 2017, na agizo la kila halmashauri kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, vyote vinamtazama mtoto kwanza.

Sina ugomvi na hilo. Udumavu ni janga, na fedha hizo hata hazitoshi. Ugomvi wangu ni kwamba ukishavuka miaka mitano, na huna mimba, lishe yako inaachiwa familia, hata kama umepooza upande mzima.

Na wanaopooza si wachache. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 ulifuatilia kiharusi katika Wilaya ya Hai na katika sehemu ya Jiji la Dar es Salaam. Kwa viwango vilivyosawazishwa kwa umri, Hai walikuwa wagonjwa wapya 109 hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam walikuwa 316.

Kinachofuata kila ukoo unakijua. Mgonjwa analazwa, presha inashushwa, anaruhusiwa. Familia inapewa tarehe ya kliniki ya mazoezi na onyo la mlangoni: apunguze chumvi, mafuta, sukari na wanga. Nyumbani wanatii kupita kiasi. Chumvi inaondoka, nyama inaondoka, mayai yanaondoka, ugali unakuwa wa kuonja. Kinachobaki ni uji mweupe na mchicha wa kuchemsha. Baada ya miezi miwili presha imetulia, lakini mzee suruali haikai kiunoni, na mtaalamu wa mazoezi (fizio) akimwambia asimame, miguu inatetemeka. Majirani wanasema ndio ugonjwa wenyewe. Mara nyingi ni njaa.

Hesabu yake haina ugumu. Kikombe cha uji mwepesi wa mahindi hakifikishi kalori 100. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kinazo kama 120. Mzee anayeugua anahitaji protini kati ya gramu 1.2 na 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 72 kwenda juu, na yai moja lina gramu sita tu. Tena kulala kwenyewe kunakula nyama: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kuwa wazee wenye afya zao, waliokubali kulala kitandani siku 10, walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguuni. Kumfanyisha mazoezi mtu wa namna hiyo bila kumlisha ni kumwita fundi ajenge ukuta bila tofali.

Halafu kuna kumeza. Karibu nusu ya wanaopata kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo, na wengine hubaki nayo. Hivi karibuni, Temeke, nilimtazama binti akimlisha mama yake. Mama amelazwa chali, mto mmoja kichwani. Uji ulikuwa wa moto na mwepesi, kwenye kikombe cha plastiki. Kila funda la pili mama alikohoa, macho yakamlenga machozi, sauti ikawa ya majimaji. Binti akampigapiga mgongo, akasubiri, akaendelea. Alikuwa anafanya kwa mapenzi yote kile ambacho kingeweza kumuua mama yake, kwa sababu chakula kinachopita njia ya hewa huishia kwenye mapafu na kuleta nimonia.

Mtaalamu wa lishe tiba angemaliza nusu ya tatizo hilo kwa saa moja. Angemkalisha mama wima, kidevu kikiinama kidogo, na kijiko kipite upande wa mdomo ulio na nguvu. Angeusubiri uji upoe, maana ukipoa unakuwa mzito. Angekataza kijiko kilichotoka mdomoni kuchovywa tena kwenye bakuli kuu, kwa kuwa mate huvunja wanga na uji hugeuka maji. Angechukua sirinji ya mililita 10, akaijaza uji, akaachia utiririke kwa sekunde 10, kisha akasoma kilichobaki. Ikibaki chini ya mililita moja, huo unakwenda kama maji. Zikibaki zaidi ya nane, huo ni mzito. Ndicho kipimo kinachotumika hospitali za Ulaya. Kisha angeongeza siagi ya karanga, maziwa, dagaa waliosagwa na kuchujwa vizuri, na kijiko cha mafuta. Chumvi ingebaki kidogo, lakini mafuta na protini vingerudi mezani.

Uingereza wataalamu wa namna hiyo wamo kwenye timu za utengamao za jamii, pamoja na wafizio, na humfuata mgonjwa mtu mzima nyumbani kwake. Hatuna fedha za kuwaiga kwa kila kitu, na hatuhitaji. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kinafundisha shahada ya lishe. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaotarajiwa kuzidi 137,000, na hao ndio wanaobisha hodi. Mhudumu anayepima mkono wa mtoto kwa utepe anaweza kuupima pia mguu wa mzee asiyeweza kusimama kwenye mizani: mzunguko wa sehemu nene ya shavu la mguu ukiwa chini ya sentimita 31, ampigie simu ofisa lishe.

Kinachokosekana ni maandishi. Mikataba ya lishe iongezwe kipengele cha wagonjwa watu wazima wanaouguzwa nyumbani. Hospitali isimruhusu mgonjwa wa kiharusi kabla hajajaribiwa kumeza na familia haijaonyeshwa, si kuambiwa tu, namna ya kumlisha. Na karatasi ya kuruhusiwa iandike cha kula, si makatazo peke yake.

Baraza la madiwani litakapokaa kujadili bajeti, mbane diwani wako kwa swali moja: mwaka huu ofisa lishe wetu ameingia nyumba ngapi zenye mgonjwa mtu mzima? Na wewe unayeuguza, usisubiri jibu. Usimlishe mgonjwa akiwa amelala, na ukimaliza mwache akae wima nusu saa.