Mashini nzito na tetemeko la ardhi: udongo ndio unaamua

Wakaaji wengi wa Kasongo, Wamaza na Kabambare wanasema tetemeko la ardhi ni shida ya Goma, Bukavu na Kalemie. Ni kweli, hapa kwetu hatuna volkano wala ziwa kubwa. Lakini tarehe 11 Septemba 1992 ardhi ilitetemeka kule Kabalo, karibu kilomita 200 kusini mwa Kasongo, kwa nguvu ya zaidi ya 6, na watu walikufa. Tarehe 5 Desemba 2005 ikawa zamu ya Kalemie: nguvu 6,8, chini ya ziwa Tanganyika. Nyumba zilianguka, watu walikufa, na mtikisiko ulisikika mpaka Nairobi. Kutoka Kalemie mpaka Kabambare, ukipima moja kwa moja kwenye ramani, ni kama kilomita 200 tu.

Sasa tuangalie tulicho nacho. Kuna mashini za kusaga mihogo na mahindi, za kukoboa mpunga, gurupe za umeme, na kwenye machimbo ya dhahabu mashini za kuvunja mawe. Nyingi zimenunuliwa kwa deni au kwa pesa za kuchangisha. Wamama na watoto wanasimama karibu yazo kila siku. Kwa hiyo swali si dogo: ardhi ikitikisika, mashini hizo zitakaa namna gani?

Wengi wanafikiri jibu liko kwenye chuma na simenti. Sehemu kubwa ya jibu iko chini zaidi, kwenye udongo.

Udongo si mmoja

Mwamba mgumu unatikisika haraka, lakini kidogo. Udongo laini unapokea mtikisiko uleule na kuukuza. Mfano unaojulikana dunia nzima ni Mexico, tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko lilianzia mbali na mji mkuu, zaidi ya kilomita 300. Lakini sehemu ya mji ule imejengwa juu ya udongo wa ziwa la zamani, na kule ndiko majengo yalianguka zaidi. Maelfu ya watu walikufa. Umbali peke yake haukuwaokoa.

Mchanga wenye maji una tabia nyingine. Ukitikiswa kwa nguvu, maji yaliyo kati ya chembe yanabanwa, chembe zinaachana, na mchanga unakuwa kama uji. Kule Niigata, Japani, mwaka 1964, magorofa yalilala upande bila kuvunjika, sababu udongo uliyaacha. Wenye kuweka mashini kwenye mabonde, kando ya Luama au kando ya vijito, wafikirie jambo hilo.

Udongo wetu mwekundu ni mgumu sana wakati wa kiangazi. Mvua ikiingia chini ya msingi, ugumu ule unapungua. Udongo wa mfinyanzi nao unavimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Kichuguu kinaonekana kigumu, kumbe ndani kina njia na mashimo. Na kwenye machimbo kuna hatari kubwa kuliko zote: shimo la zamani lililofukiwa. Juu panaonekana sawasawa, chini udongo haujawahi kushikana.

Mashini inajichimbia yenyewe

Nyumba inangoja tetemeko ije. Mashini yenyewe ni tetemeko dogo la kila siku. Motere inayozunguka mara 650 kwa dakika inapiga udongo karibu mara 11 kwa sekunde, saa nyingi, mwaka mzima. Mchanga ulio chini unashuka pole pole, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Ndipo mtikisiko hata wa kadiri unakuja kumalizia kazi ambayo udongo mbaya ulishaanza.

Hatari kubwa ni pale mashini moja inaposimama juu ya misingi miwili. Tarehe 16 Julai 2007, tetemeko lilipiga Kashiwazaki, Japani, kwenye kiwanda cha umeme wa nyuklia kilicho kati ya vikubwa kabisa duniani. Transfoma moja iliwaka moto. Sababu: transfoma na mfereji wa nyaya zake vilikuwa na misingi mbalimbali. Udongo wa upande mmoja ulishuka zaidi, viunganisho vikavunjika, mafuta yakamwagika na kushika moto.

Hapa kwetu jambo ni lilelile kwa udogo. Motere imewekwa kwenye betoni yake, kinu kwenye betoni nyingine, mkaba unaviunganisha. Upande mmoja ukishuka hata kidogo, mkaba unakwenda upande, unaruka au kukatika. Mpira wa mazuti ukichomoka karibu na bomba la moshi, moto hauko mbali.

Cha kufanya

Kwanza, chimba shimo la mita moja na nusu kabla ya kununua simenti. Chimba wakati wa mvua, uone maji yako wapi. Uliza wazee kama pale palikuwa shimo la dhahabu.

Pili, motere na kinu vikae juu ya betoni moja, na betoni yote ikae juu ya udongo wa namna moja. Isiwe nusu kwenye udongo wa asili na nusu kwenye udongo wa kujaza.

Tatu, uzito. Kanuni ya mafundi kwa motere ya pistoni ni betoni yenye uzito mara tano wa mashini. Mashini ya kilo 400 inahitaji kilo 2.000. Hiyo ni betoni ya urefu wa mita 1,5, upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 60. Isishikane na ukuta wa nyumba.

Nne, ardhi ikitikisika, zima motere kama unaweza kuifikia bila hatari, kisha toka nje. Usiwashe tena kabla ya kuangalia buloni, nyufa, mkaba na mpira wa mazuti.

Kompani kubwa za machimbo zina wahandisi wa kupima udongo. Mwenye kinu wa Wamaza ana chepeo na macho yake. Lakini viongozi wa sekta na wa teritwari, wanaotoza kodi kwa kila kinu, wangeweza kutuma fundi mwenye ujuzi aangalie msingi kabla ya kutoa ruhusa. Kodi inalipwa kila mwaka. Ukaguzi wa msingi unatosha mara moja, shimo likiwa bado wazi.